Pampu ya Impela ya Mpira: Mwongozo kwa Wasindikaji Wadogo wa Asali, Mawese na Juisi

Pampu mbili zaweza kuwekwa kando kwa kando juu ya kaunta ya duka, zote zikiwa na mota ya ukubwa mmoja, midomo miwili ya kufungia mabomba na, ndani yake, gurudumu dogo la mpira mweusi. Moja ilitengenezwa ili kupitisha maji ya kupozea injini ya boti. Nyingine ilitengenezwa ili kupitisha chakula. Ile ya kwanza mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu, na ni rahisi kuipata katika mji wa bandari kama Kigoma, ambako mafundi wa boti za Ziwa Tanganyika wanaifahamu vyema. Mnunuzi aliyetoka Kasulu au Kibondo kutafuta pampu ya asali au ya mawese huweza kuambiwa kwamba pampu ni pampu, na kwamba tofauti iliyopo ni bei tu.

Kauli hiyo si sahihi, na anayeiamini huilipia. Vikundi vingi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hununua mashine zao kwa mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mkopo huo hauna riba, lakini sharti urejeshwe hata kama mashine imeharibika katika msimu wake wa kwanza. Aidha, pampu isiyofaa haimpotezei mnunuzi fedha peke yake. Yaweza kuharibu bidhaa iliyokwisha kuvunwa kwa jasho, na kumfikia mlaji ikiwa na vipande vya mpira au madini yasiyotakiwa.

Makala haya yanaeleza namna pampu hiyo inavyofanya kazi, kazi inazozifaa, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyahakiki kabla ya kutoa fedha.

Je, unahitaji pampu?

Swali hili litangulie mengine yote. Ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ina uzito wa takribani kilo 28, kwa sababu lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Watu wawili waweza kuibeba na kuimimina katika tangi. Msindikaji anayejaza ndoo chache kwa siku hana haja ya pampu. Akiweka tangi la kutuamisha asali juu ya jukwaa imara, na chini yake koki pana ya kujazia chupa, asali itashuka yenyewe bila umeme, bila vipuri na bila kitu cha kuharibika. Fedha iliyookolewa yaweza kununua tangi bora zaidi, chujio au kipimo cha unyevu wa asali.

Hali hubadilika pale bidhaa inapowekwa katika mapipa. Pipa la lita 200 lililojaa asali lina uzito wa takribani kilo 280 bila kuhesabu pipa lenyewe, na halinyanyuliwi kwa mikono. Kikundi kinachopokea asali ya wanachama wengi, au msindikaji wa mawese anayehamisha mafuta kutoka sufuria za kuchemshia hadi matangi ya kuhifadhia, hufika mahali ambapo kubeba kwa ndoo huchelewesha kazi, humwaga bidhaa na kuumiza watu. Hapo ndipo pampu inapostahili gharama yake.

Inavyofanya kazi

Pampu za kawaida za maji, zile zinazotumika visimani na bustanini, huzungusha gurudumu gumu kwa kasi kubwa ili kuyarusha maji kuelekea ukingoni. Maji hukubali kurushwa kwa sababu ni mepesi. Asali haikubali. Pampu ya namna hiyo ikiwekwa kwenye asali huzunguka bila kusukuma kitu cha maana, na mota huishia kupata moto.

Pampu ya impela ya mpira hutumia njia tofauti. Gurudumu lake, ambalo mafundi huliita impela, lina mabawa yanayopindika. Chumba linamozunguka si duara kamili, bali upande mmoja wa ukuta wake umeinuliwa kidogo kuelekea ndani. Bawa linapopita penye mwinuko huo hukunjika, na linapouvuka hunyooka. Linaponyooka, nafasi iliyo nyuma yake hupanuka na kuvuta bidhaa kutoka bomba la kuingizia. Bidhaa hiyo hubebwa katikati ya mabawa mawili mpaka upande wa pili, ambako bawa hukunjika tena na kuisukuma nje.

Kutokana na umbile hilo, pampu hii ina faida nne. Huvuta bidhaa yenyewe hata kama bomba lina hewa kidogo. Husukuma bidhaa nzito ambayo pampu ya maji haiiwezi. Hupitisha vipande laini, kama nyama za tunda katika juisi, bila kuvisaga. Nyingi kati yake, mota ikigeuzwa mwelekeo, huweza pia kurudisha bidhaa iliyobaki bombani, jambo ambalo kwa mwenye asali ni akiba ya kweli.

Umbile hilo hilo ndilo linaloleta udhaifu wake. Mabawa hugusana na ukuta wakati wote, na kinachoyapoza na kuyalainisha ni bidhaa inayopita. Pampu ikizungushwa tupu, mpira hupata joto na kuungua katika muda mfupi, pengine chini ya dakika moja. Vilevile haifai kwa shinikizo kubwa. Nyingi za aina hii hazikusudiwi kuzidi baa 3 au 4, na kwa bidhaa nzito kikomo huwa cha chini zaidi. Kamwe usifunge koki ya bomba la kutolea wakati pampu inazunguka, kwa maana bidhaa itakosa pa kwenda, na ama bawa litachanika au bomba litachomoka.

Mpira ndio unaonunua

Mnunuzi wengi hutazama mota kwanza. Inafaa kuanza na mpira, kwa sababu ndio unaogusa chakula na ndio unaochakaa. Aina tatu hupatikana zaidi, na kwa macho zote hufanana, ni nyeusi au kijivu. Tofauti huonekana katika maandishi ya mtengenezaji.

Ya kwanza ni neoprini, ambayo katika orodha za watengenezaji huweza kuandikwa CR. Hufaa kwa maji, juisi, mvinyo wa ndizi na asali. Haifai kuwa chaguo la kwanza kwa mafuta.

Ya pili ni naitraili, inayoandikwa NBR. Hii ndiyo inayostahimili mafuta na vyakula vyenye mafuta. Msindikaji wa mawese, wa mise au wa alizeti aiombe kwa jina.

Ya tatu ni EPDM. Hustahimili maji ya moto na dawa za kusafishia vyombo, na kwa sababu hiyo hutumika sana katika vinywaji. Lakini ikikutana na mafuta huvimba na kulainika. Impela ya EPDM ikiwekwa katika mawese yaweza kufanya kazi vizuri siku ya majaribio, kisha ikavimba, ikakwama ndani ya chumba chake na kukatika. Muuzaji atasema mota ni dhaifu. Mota haina kosa.

Kujua aina ya mpira hakutoshi. Neoprini ya boti na neoprini ya chakula hazichanganywi kwa viungo vilevile, kwa kuwa ile ya boti haikukusudiwa kugusa kitu kitakacholiwa. Omba maandishi ya mtengenezaji, si maneno ya muuzaji, yanayosema kwamba mpira huo umeruhusiwa kugusana na chakula. Watengenezaji wa pampu za vyakula huonesha jambo hilo bila kusita, kwa sababu ndilo linaloitofautisha bidhaa yao na nyingine.

Mwili wa pampu na sehemu zilizofichika

Pampu nyingi za boti zina mwili wa shaba au wa aloi zake. Shaba hustahimili maji kwa miaka mingi, lakini asali na juisi ni bidhaa zenye asidi, na asidi huiyeyusha shaba kidogo kidogo na kuiingiza katika chakula. Mafuta nayo yakigusana na shaba huchacha upesi zaidi. Kwa hiyo mwili wa pampu ya chakula na uwe wa chuma kisichoshika kutu. Kwa kawaida utaona namba 304 au 316. Ya 316 hustahimili asidi na chumvi zaidi, na bei yake huwa juu zaidi. Kwa asali na mawese, 304 iliyolainishwa vizuri kwa ndani hufanya kazi. Kwa juisi ya matunda yenye asidi kali, kama mananasi, 316 ni salama zaidi.

Usiridhike na kuona mwili unang'aa. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa hushika kutu ndani ya msimu mmoja. Fungua kifuniko cha mbele na utazame ndani. Kagua shafti, skrubu zilizo ndani, gasketi na ile sili inayozuia bidhaa isivuje kuelekea mota. Kila kimoja kati ya hivyo hugusa chakula. Pampu nzuri ya chakula hufunguka kwa nati za kukazwa kwa mkono, bila spana, kwa sababu mtengenezaji alitarajia ifunguliwe na kusafishwa kila siku. Kama muuzaji hawezi kuifungua mbele yako, wewe hutaweza kuifungua Kibondo.

Kasi: kosa linalotokea mara nyingi

Kibandiko cha pampu huandika idadi ya lita kwa dakika. Namba hiyo hupimwa kwa maji, wala si kwa asali. Mota ya umeme wa kawaida huzunguka takribani mara 1,400 au mara 2,800 kwa dakika. Kasi hiyo yafaa kwa maji na juisi nyepesi. Asali haiwezi kuingia katika pampu upesi kiasi hicho, hivyo mabawa hubaki na nafasi tupu, huchanganya hewa na asali, huleta povu na kuchakaa haraka. Kwa asali, kasi inayofaa ni mizunguko mia kadhaa kwa dakika, kadiri mtengenezaji anavyoelekeza.

Kupunguza kasi kuna njia tatu. Mota yaweza kuja na sanduku la gia. Yaweza kuongozwa na kifaa cha kielektroniki cha kubadilisha kasi. Au fundi aweza kutumia puli na mkanda. Kwa mfano, mota inayozunguka mara 1,400 kwa dakika ikifungwa puli yenye kipenyo cha sentimita 8, na shafti ya pampu ikafungwa puli ya sentimita 32, pampu itazunguka mara 350 kwa dakika. Njia hii ina faida ya ziada, nayo ni kwamba kasi inapopungua, nguvu ya kuzungusha huongezeka, na asali huhitaji nguvu hiyo. Puli na mkanda vifunikwe kwa wavu au bati, ili visikamate nguo wala vidole.

Usiogope kwamba pampu itakuwa ya polepole. Lita 10 kwa dakika hujaza pipa la lita 200 kwa dakika 20, na mapipa sita kwa saa mbili. Kwa kikundi cha kawaida hiyo ni kazi ya siku nzima. Mnunuzi anayelipia pampu ya lita 100 kwa dakika hulipia uwezo ambao chujio lake halitaweza kuupokea.

Baridi ya nyanda za juu

Kasulu na Kibondo zipo juu ya usawa wa ziwa kwa mamia ya meta, na asubuhi za kipupwe huko ni za baridi. Jambo hili linahusu pampu moja kwa moja. Asali ya baridi huwa nzito mara kadhaa kuliko asali yenye joto la nyuzi 35 hadi 40. Mawese nayo huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 35 hivi, na pipa lililolala usiku kucha hukutwa asubuhi likiwa na tabaka zito chini na mafuta mepesi juu.

Pampu iliyojaribiwa saa nane mchana katika duka la mjini Kigoma, pembeni mwa ziwa, yaweza kushindwa saa moja asubuhi huko Kibondo. Kwa sababu hiyo, jaribu pampu kwa bidhaa yako mwenyewe. Safiri na ndoo ya asali au ya mawese, na uombe iwashwe mbele yako. Muuzaji mwaminifu hatakataa, maadamu utaacha pampu ikiwa safi.

Nyumbani, pasha bidhaa joto kabla ya kuisukuma, badala ya kuilazimisha pampu. Pipa la asali liwekwe ndani ya maji ya uvuguvugu au katika chumba chenye joto. Usivuke nyuzi 40, wala usiweke pipa juu ya moto. Joto kali huongeza katika asali kemikali iitwayo HMF, ambayo hutumiwa kupima kama asali imechomwa au imekaa muda mrefu. Kiwango cha kimataifa cha Codex huruhusu miligramu 40 za HMF kwa kilo moja ya asali, na 80 kwa asali itokayo nchi za joto. Shehena iliyozidi hapo hukataliwa na wanunuzi wakubwa, hata kama ladha yake ni nzuri.

Mabomba nayo yazingatiwe. Bomba la kuingizia liwe fupi, pana na lisilobonyea, na pampu ikae chini ya tangi ili asali ishuke kuifuata. Bomba jembamba la kuingizia huua pampu nzuri. Kabla ya bidhaa kufika katika pampu ipite kwenye chujio la matundu makubwa, ili vipande vya masega, nta, vijiti na nyuki visifike kwenye mabawa.

Ikiwa kazi yako ni asali nzito peke yake, kutwa nzima na kwa msimu mzima, omba pia bei ya pampu ya gia ya chakula inayozunguka polepole. Hugharimu zaidi, lakini hustahimili kazi hiyo kwa muda mrefu. Pampu ya impela ya mpira hushinda pale msindikaji anapokuwa na bidhaa mbalimbali na muda wa kazi ulio wa kiasi.

Umeme

Soma kibao cha mota. Umeme wa Tanzania ni volti 230 kwa fezi moja, na hezi 50. Mota iliyoandikwa volti 110 au hezi 60 pekee ilitengenezwa kwa nchi nyingine. Hakikisha pia kama inataka fezi moja au fezi tatu. Jengo lako likiwa na fezi moja, mota ya fezi tatu haitawaka bila kifaa cha ziada. Wenye kutumia jenereta wakumbuke kwamba mota huvuta umeme mwingi sana inapowashwa kuliko inapoendelea kuzunguka, hivyo jenereta inayolingana na mota kwa hesabu yaweza kuzimika wakati wa kuwasha.

Vipuri kabla ya pampu

Impela ni kama tairi la baiskeli. Huchakaa hata ikitunzwa, na kuibadilisha si ishara ya ubovu. Swali la maana ni mahali pa kuipata. Kutoka Kibondo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000, na kifurushi cha basi huchukua siku kufika. Asali iliyokwisha kufunguliwa na juisi iliyokwisha kukamuliwa hazisubiri.

Kwa hiyo nunua vipuri siku ile ile ya kununua pampu. Walau impela mbili, sili moja na seti ya gasketi. Andika namba ya impela katika daftari la kikundi na uibandike ukutani karibu na mashine. Muuzaji asiyekuwa na impela ya ziada dukani leo, hakuna sababu ya kutarajia kwamba atakuwa nayo katikati ya msimu. Epuka pampu isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya modeli, kwani ikiharibika hakuna atakayejua ni impela ipi inayoingia.

Unapolinganisha bei, linganisha gharama ya miaka mitatu. Jumlisha bei ya pampu, usafiri, impela utakazotumia kila msimu na sili zake. Mara nyingi pampu iliyoonekana nafuu kaunta huwa ndiyo ghali katika daftari.

Kusafisha na kutunza

Kila siku ya kazi ikiisha, sukuma maji safi ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe. Kisha fungua kifuniko, toa impela, ioshe pamoja na chumba chake, na uache kila kitu kikauke kabisa. Kukausha si urembo. Asali yenye unyevu uliozidi asilimia 20 huvuka kikomo cha Codex na huweza kuchachuka, na maji yaliyobaki ndani ya pampu na mabomba huingia moja kwa moja katika shehena ya kesho.

Usipake grisi ya magari wala oili ya injini ili kurahisisha impela kuingia. Kwa juisi na asali, lowesha kwa maji safi. Kwa mawese, lowesha kwa mafuta yale yale ya kula. Msimu ukiisha, toa impela na uihifadhi peke yake mahali pa giza na pakavu. Ikiachwa ndani kwa miezi, mabawa yaliyokunjwa hubaki yamekunjika, na mashine hupoteza uwezo wa kuvuta.

Kabla ya kila kazi tazama mabawa. Bawa lenye ufa lisitumike hata kwa siku moja zaidi. Ikitokea kwamba kipande kimekatika, simamisha kazi na ukitafute. Kama hakikuonekana, chuja upya bidhaa yote iliyopita katika pampu tangu ulipokagua mara ya mwisho. Mlaji akikuta mpira mweusi ndani ya chupa, hatamlaumu aliyeuza pampu.

Hati na haki zako

Sheria ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wa muuzaji huyo, ikiwa muuzaji anajihusisha na biashara ya bidhaa za namna hiyo. Bidhaa sharti ifae kwa matumizi yale yaliyotajwa. Lakini mnunuzi aliyeomba pampu kwa jina la kibiashara tu, bila kueleza kazi yake, aweza kukosa kinga hiyo.

Ndiyo maana maneno machache katika ankara yana thamani kubwa. Kabla ya kulipa, omba ankara kifani iandikwe hivi: "Pampu ya impela ya mpira kwa ajili ya kusukuma mawese, chakula cha binadamu, impela ya NBR iliyoruhusiwa kwa chakula, mwili wa chuma kisichoshika kutu, umeme wa volti 230 fezi moja." Badilisha bidhaa na mpira kulingana na kazi yako. Muuzaji anayejua anachouza ataandika. Anayekataa kuandika amekujibu.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na uihifadhi pamoja na ankara, kitabu cha maelekezo na waranti. Ukiuziwa bidhaa bandia au ukipewa maelezo ya kupotosha, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Masuala ya viwango na usalama wa chakula yapo chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosajili majengo na bidhaa za chakula. Wanaotaka ushauri kabla ya kununua waone maofisa wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, pamoja na ofisa biashara wa halmashauri yao.

Maswali saba ya kuuliza dukani

1. Pampu hii ilitengenezwa kwa ajili ya chakula, na maandishi ya mtengenezaji yako wapi?

2. Impela ni ya mpira gani: neoprini, NBR au EPDM? Je, unalingana na bidhaa yangu?

3. Mwili, shafti na skrubu za ndani ni za chuma gani?

4. Inazunguka mara ngapi kwa dakika, na kasi hupunguzwaje?

5. Mota ni ya volti ngapi, hezi ngapi na fezi ngapi?

6. Je, waweza kuifungua na kuifunga mbele yangu, kisha kuijaribu kwa bidhaa niliyokuja nayo?

7. Impela za ziada zipo leo, kwa bei gani, na namba yake ni ipi?

Jibu likikosekana kwa swali la kwanza, la pili au la saba, usinunue siku hiyo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kuahirisha safari moja ni gharama ndogo kuliko kurejesha mkopo wa mashine iliyolala stoo.